Kilomita za Kijiweni

Siku hizi mjini kila mtu ana kilomita zake. Chukua vijana watatu wa kikundi kimoja cha jogingi, wapeleke Jumamosi alfajiri kwenye vilima vya Pugu, waingie pamoja katika njia ya mguu inayokatiza msituni upande wa Kisarawe, watoke pamoja, jasho moja, vumbi moja. Waulize wamekimbia umbali gani. Wa kwanza atakunyooshea mkono wenye saa: 10.9. Wa pili naye ana saa yake: 11.6. Wa tatu hana saa, ila mdomo anao: "Pale ni kumi na tano mshikaji, njia ile naijua mimi!" Hapo ubishi unaanza, chai inapoa, na hakuna hata mmoja anayeuliza swali la maana. Swali lenyewe ni hili: kilomita hizo zimepimwaje?

Njia ya Pugu haina mawe ya kilomita. Haina kibao, haina mstari wa chokaa, haina mtu wa Wizara aliyepita na mnyororo. Ni njia iliyochorwa na miguu ya watu wanaotafuta kuni, wanaokwenda shamba, wanaowahi ibada. Na njia za namna hiyo ndizo nyingi katika nchi hizi zetu, na ndizo zinazofaa kukimbilia, maana barabara za lami tumewaachia bodaboda na malori. Kwa hiyo jambo hili si dogo kama linavyoonekana.

Nasema mapema ili tusipotezeane muda: namba isiyosema imepimwaje si namba, ni fiksi. Mwenye kukimbia njia isiyo na alama ana mambo mawili tu ya heshima ya kufanya. Ama aipime kwa mkono wake na aseme ameipimaje, ama ataje dakika alizokimbia na kilomita aachane nazo. Njia ya tatu ni ya wapiga kamba.

Tuanze na mabishoo wa saa. Ndugu zangu, saa ile haipimi umbali! Inachofanya ni kusikiliza setilaiti, za Marekani, za Urusi, za Ulaya na za China, ikakisia sasa hivi umesimama wapi, ikangoja kidogo, ikakisia tena, halafu ikaunganisha vituo hivyo kwa mistari iliyonyooka na kujumlisha mistari. Basi. Barabarani, mahali pa wazi, penye mbingu yote juu ya kichwa, kazi hiyo inakwenda vizuri na sina ugomvi nayo. Lakini ukiingia porini mambo mawili yanatokea, na yanavuta kila moja upande wake.

La kwanza ni kona. Njia ya mlimani hujikunja kama nyoka ili mtu apande bila kufa. Chukua kona moja ya nusu duara, yenye mita 5 kutoka katikati hadi ukingoni. Ukiizunguka kwa miguu unakwenda mita 15.7. Saa uliyoiambia ibane betri na kurekodi mara chache inaweza kukukuta unaingia kona, ikakukuta tena umeshatoka, ikapiga mstari wa mita 10 kati ya hapo na hapo. Imekuibia mita 5.7. Kona kama hizo 50, na wala si nyingi kwa mlima, zimekula mita 285. Umepanda kwa jasho lako, saa inasema hukupanda.

La pili ni miti na kuta za mabonde. Mawimbi ya setilaiti yanafika yakiwa yamechoka, mengine yamegonga jabali kwanza ndipo yakaja, na saa inakuweka mita kadhaa kushoto, halafu mita kadhaa kulia, kana kwamba unakimbia huku umelewa. Mistari hiyo ya mlevi nayo inajumlishwa. Hapo saa inakuzawadia mita ambazo hukuzikimbia. Sasa wewe uliyetoka na 10.9 na mwenzako mwenye 11.6, nani kaibiwa na nani kazawadiwa? Hamjui. Wala saa haijui. Lakini imeandika sehemu za mia za kilomita, na binadamu akiona nukta na tarakimu mbili nyuma yake anapiga magoti.

Kuna na wale wanaojitetea kwa kilima: "Saa haihesabu mwinuko, ndiyo maana inanipunja." Uongo wa hesabu za darasa la nane. Mlima ukikuinua mita 100 katika kila kilomita ya usawa, na huo ni mlima wa kutoa ulimi nje, urefu halisi wa njia ni mita 1,005. Mita tano tu! Kilima kinaongeza kazi, hakiongezi umbali. Wenzetu wa mbio za milimani wameliona hilo, ndiyo maana chama chao cha kimataifa kinachukua kilomita na kuongezea moja kwa kila mita 100 za kupanda. Njia ya kilomita 10 yenye kupanda mita 500 wanaihesabu kuwa kazi ya 15. Ni kipimo cha kazi na wamekiita hivyo waziwazi, hawakusingizia kuwa ni urefu.

Haya. Tukiwaacha hao, upande wa pili wa kijiwe wamekaa washairi. Hawa nawaogopa zaidi, maana wengine ni wenzetu wa kalamu. Wao wanasema Mwafrika hakimbii kwa namba. Eti njia haipimwi, inasikilizwa. Eti namba ni ugonjwa wa mzungu, sisi tunakimbia kwa moyo. Ukisoma habari zilizoandikwa na wageni waliopita Iten, kule Bonde la Ufa nchini Kenya, mita kama 2,400 juu ya bahari, utakutana na wimbo huo huo: udongo mwekundu, tabasamu, watoto peku, na watu wanaoruka tu kama swala bila kujua wamekwenda umbali gani. Kisha kijana wa Sinza au wa Umoja anaisoma habari hiyo, anaipenda, anaitafsiri, anaiweka katika hadithi yake ya kwanza. Jamani!

Nenda Iten. Zoezi lao maarufu la Alhamisi ni dakika moja ya kasi na dakika moja ya pole, au mbili kwa moja, mamia ya watu wakifuata mlio mmoja wa saa. Hicho nacho ni kipimo, kipimo cha muda, na wamekichagua kwa akili: njia haina alama na ni ya mabonde, basi pima kitu unachoweza kukipima sawasawa. Nenda Kaptagat, kambi ya Eliud Kipchoge. Mbio zao ndefu zina njia zinazojulikana, hii ya kilomita 30, hii ya 40. Na Kipchoge mwenyewe, aliyekimbia Berlin kwa saa 2:01:39 mwaka 2018 na 2:01:09 mwaka 2022, amekuwa akiandika mazoezi yake daftarini tangu 2003. Daftari, kalamu ya wino, tarehe. Huyo ndiye mnayesema anakimbia kwa moyo tu?

Na hili la kupima kuwa ugeni, nani kawadanganya? Lugha tunayobishania ina vipimo vya mwili tangu zama za majahazi. Shibiri mbili mkono mmoja, mikono miwili wari, wari mbili pima. Pima! Kipimo cha mikono iliyonyooshwa, cha fundi na cha baharia anayetaka kujua kina cha maji, kina jina sawa na kitendo chenyewe. Wapagazi wa misafara walipoulizwa Ujiji ni wapi walijibu kwa mwendo wa siku, hawakujibu kwa kuimba. Babu zako walipima. Wewe ndiye mvivu.

Sasa nije kwenye jambo lililonishikisha kalamu, maana ndilo linalofichwa na pande zote mbili. Je, unajua mbio za marathoni za dunia, zile za rekodi na mamilioni ya dola, njia zake zinapimwa kwa kitu gani? Setilaiti? Ndege? Hapana bwana. Zinapimwa kwa baiskeli.

Ndiyo, baiskeli. Mpimaji anatandaza tepu ya chuma kwenye barabara iliyonyooka, mita 300 au zaidi. Anapanda baiskeli yake na kupita hapo mara nne, akisoma kihesabio kidogo kilichofungwa kwenye gurudumu la mbele, kinachoitwa kihesabio cha Jones, kilichobuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Akishajua gurudumu lake linatoa hesabu ngapi kwa kilomita, anaendesha njia nzima ya mbio kwa mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kuupita kihalali, sentimita 30 kutoka ukingo wa kona. Akimaliza anarudi kwenye zile mita 300 na kuzipita tena mara nne, kwa sababu jua likipanda upepo wa tairi hutanuka na gurudumu hubadilika. Mwisho anaongeza mita 1 kwa kila mita 1,000, ili kama kuna kosa, njia isije ikawa fupi. Kwa hiyo marathoni ya mita 42,195 unayoiona kwenye televisheni kwa kawaida imepangwa iwe mita 42,237. Huo ndio utaratibu unaotambuliwa na Shirikisho la Riadha la Dunia. Namba za saa hazikubaliki hapo hata kidogo.

Na usifikiri ni ukaidi wa wazee. Mwaka 1981 Alberto Salazar alishinda New York kwa saa 2:08:13, dunia ikatangaziwa rekodi mpya. Njia ilipopimwa upya miaka michache baadaye ilikutwa pungufu kwa mita kama 150. Kwa kasi yake, hizo ni sekunde 27 hivi, na rekodi ikayeyuka. Kule Manchester, Uingereza, iligundulika kuwa marathoni za 2013, 2014 na 2015 zote zilikuwa fupi kwa mita 380. Maelfu ya watu walikuwa wameshatundika vyeti ukutani. Hiyo ni lami, yenye ramani, polisi na wadhamini. Wewe na njia yako ya mihogo unaapa kwa sehemu za mia?

Kwa hiyo kifaa cha kweli kimeegeshwa nje kwenu. Baiskeli ya muuza maziwa, ile Phoenix nyeusi yenye kitako cha chuma, inaweza kukupa kilomita zenye heshima kuliko saa ya bei ya kiwanja. Sikupi falsafa, nakupa utaratibu. Jaza upepo tairi liwe gumu. Piga mstari wa chaki kwenye tairi la mbele pale linapogusa ardhi. Mtu akae juu ya baiskeli, maana uzito wake unalibana tairi, aende taratibu mpaka gurudumu lizunguke mara 20 kamili. Pima urefu huo kwa tepu na ugawe kwa 20. Baiskeli kubwa ya aina hiyo itakupa kama mita 2.2 kwa mzunguko, lakini usichukue yangu, pima yako, kwa sababu ukikosea sentimita moja tu katika mzunguko utakosea karibu mita 45 katika kilomita 10. Funga kipande cha plastiki ngumu kwenye spoku ili kigonge foko kila gurudumu linapozunguka. Tak. Tak. Tak. Kilomita moja ni milio kama 450. Mmoja anaendesha, mwingine anahesabu, na kila mia moja kokoto linahama mfuko. Mahali penye mizizi shuka uisukume. Mwisho rudi pale pa tepu ukague gurudumu tena. Kisha geuza, pima njia nzima kwa kurudi, na ulinganishe.

Utaniambia porini gurudumu linayumba, linaruka jiwe, linaongeza mita. Kweli kabisa. Ndiyo maana kwenda na kurudi hakutakupa namba moja. Utapata labda 11,380 na 11,450. Mtu mwaminifu anasema: "Njia ile ni kilomita 11.4, nimeipima kwa baiskeli mara mbili." Hasemi 11.415. Kwa sababu ipo siri nyingine kuhusu njia za mguu ambayo wapiga fiksi hawaitaki: hazina urefu mmoja. Mwanasayansi Mwingereza Lewis Fry Richardson aliona zamani kwamba Hispania na Ureno walikuwa wakitaja urefu tofauti wa mpaka wao ule ule, wa kwanza kilomita 987, wa pili kilomita 1,214. Hakuna aliyekuwa amehamisha jiwe. Anayepima kwa rula ndefu anaruka vikona, anayepima kwa rula fupi anaviingia, na kila rula ikifupika mpaka unarefuka. Njia ya Pugu ni mpaka mdogo. Anayekumbatia kila kona na anayekata majani katikati wamekimbia njia mbili. Kwa hiyo hata ukiwa na baiskeli ya malaika lazima useme umefuata mstari gani.

Wengine wanacheka wanauliza, sasa yote hayo ya nini? Si mtu anakimbia apunguze kitambi? Sawa, wa kitambi akimbie salama, kitambi hakina haja ya rekodi. Mimi namzungumzia mwingine.

Mfikirie kijana wa Gongo la Mboto, miaka 18, hana saa wala viatu vya maana. Ana njia yake ambayo kila mtu mtaani anaiita "kumi". Nani aliipima? Kaka mmoja zamani. Kijana anaikimbia kwa dakika 31 na mtaa mzima unamwambia yeye ndiye Bayi mpya, jina la Filbert Bayi aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974. Anakopa nauli, anakwenda kwenye mashindano ya kweli ya kilomita 10. Kumbe "kumi" ya mtaani ilikuwa mita 9,200. Kwa kasi ile ile, kwa mapafu yale yale, atamaliza kwa 33:42. Lakini yeye alijipanga kwa 31, alianza na watu wa 31, na kilomita ya saba wamemwacha amesimama, mikono magotini. Anarudi nyumbani, kocha anamwita mvivu, mtaa unamwita mwongo, na wapo watakaonong'ona kwamba karogwa. Hakurogwa. Kavunjwa moyo na mita 800 ambazo hakuna aliyetoka kitandani kuzipima. Tungempa namba ya kweli, angejua kwamba anahitaji mwaka mmoja wa kazi, na angeifanya.

Upande wa pili wa sarafu ni unyanyasaji. Vikundi vya jogingi mjini vimeanza kudai picha ya saa kama ushahidi. Huna picha, hukukimbia. Yaani asiye na fedha hana umbali! Jasho lake halina thamani mpaka setilaiti ya jeshi la Marekani ilisajili. Na ni jeshi hilo hilo ambalo mpaka tarehe 2 Mei 2000 lilikuwa likivuruga kwa makusudi mawimbi waliyopewa raia ili wasipate mahali hasa. Ndiye shahidi mliyemteua? Kikundi chenye watu 40 kinashindwa kuchanga tepu ya mita 50 na kuazima baiskeli siku moja? Pimeni njia zenu mara moja tu. Pakeni rangi kwenye mawe kila kilomita, kwa ruhusa ya wenye msitu. Tangu siku hiyo mwenye saa na asiye na saa watakuwa sawa mbele ya jiwe.

Na ninyi wenzangu wa kalamu, msijifiche. Kila wiki nasoma hadithi ambamo mhusika "alikimbia kilomita ishirini kwenda shule". Ishirini? Mtoto wa miaka tisa, kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, ambao watu wazima wengi hawauwezi, ni saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, kila siku, kabla ya kuchota maji. Umeipima njia hiyo? Umemuuliza mtoto anaondoka saa ngapi na kufika saa ngapi? Umaskini wetu ni mkubwa vya kutosha, hauhitaji kuongezwa urefu. Ukimpa msomaji kilomita za uongo atakapokujua ataacha kukuamini hata pale unaposema njaa.

Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu aliipa Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha. Marathoni nzima, saa 2:09:48, na Mjerumani Amanal Petros akapewa muda huo huo, 2:09:48. Walitenganishwa na sekunde 0.03. Kwa kasi ya mwisho ile, hiyo ni chini ya shibiri moja ya mkono wako. Tulishangilia mpaka koo zikakauka, wala hakuna aliyebisha, kwa sababu kila mita kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho ilikuwa imepimwa na watu waliosema wazi wameipimaje.

Basi tangu leo mtu akikutajia kilomita za porini muulize matatu: ulifuata mstari upi, ulipima kwa kifaa gani, mara ngapi. Akijibu, mpe mkono. Akianza kuapa, mwachie chai yake. Na anayeona nimekosea hesabu aandike, kurasa hizi ni za wote. Ila kwanza apite kwa muuza maziwa aazime baiskeli.